Kifuniko cha Ndoo ya Samaki

Kinyozi alipofariki, mkewe alirithi viti viwili, kioo, na tangi la samaki waliokuwa wakiwatuliza wateja wenye haraka. Mke, mshonaji wa sare za shule, akalihamishia tangi sebuleni na kulijaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani. Haraka haraka haina baraka. Kufikia jioni samaki wote walikuwa wanaelea ubavu, isipokuwa mwekundu mmoja, ambaye marehemu alimwita Mjomba kwa jinsi alivyojitia ukubwa.

"Na huyu akifa," mjane alimwambia wifi yake, "kaka yako atakuwa amenifia mara ya pili." Hakuwa anatania.

"Basi yalaze maji kwenye ndoo kwanza," wifi akasema. "Yana dawa ya kuulia vijidudu, iache itoke. Na ubadilishe robo tu, usimwage yote."

Akayalaza. Lakini mwanamke aliyelelewa akaleleka ataachaje ndoo wazi, mende waogelee? Akafunika. Asubuhi akakuta kifuniko kimeegemezwa ukutani, kama marehemu alivyozoea kukiegemeza. Akasonya, akamimina maji, Mjomba akazunguka kwa raha zake. Ikawa hivyo kila alipobadilisha maji. Na anaishi peke yake jamani, mlango una komeo, na paka hafugi.

Mwisho nywele zikamsisimka. Akafunika ndoo, akaweka pasi ya makaa juu yake. Asubuhi pasi ilikuwa palepale. Akashusha pumzi, akamimina. Punde Mjomba akapanda juu, mdomo wazi, anatweta. Mjane akamchota, akamtia kwenye beseni la maji ya zamani aliyokuwa hajayamwaga. Akakaa chini kando yake akilia mpaka samaki alipotulia.

"Dawa ingetokea wapi?" wifi alimuuliza alipokuja. "Ndoo ya samaki haifunikwi. Kaka hakukwambia?"

"Ameniambia," mjane akajibu. "Kila mara. Mimi tu ndiye sisikii."

Sasa anajua. Hata hivyo, kila akiyalaza maji bado anafunika, ila pasi haweki tena. Anakipachika kifuniko juujuu, kisha anaingia chumbani na kujifunika shuka gubigubi. Anaogopa, tena sana. Lakini ndoo akiiacha wazi, mume wake atakuja kufanya nini?