Chai ya Kusindikizwa Thieta

Hii stori inanifanya nionekane mjinga, na sina pa kujificha, maana nusu ya soko la Voi ilikuwepo. Afadhali niseme mwenyewe kuliko uisikie kwa watu wa boda. Wao wameshaongeza mpaka ati nilitoroka thieta uchi. Sikutoroka. Nilifukuzwa, na nilikuwa na gauni.

Kazi yangu ni kushusha mizigo. Kanta, ile lori ndogo, inakuja kutoka Werugha kule milimani na kabichi na viazi, mimi nabeba magunia mpaka kwa kibanda cha mama yangu na kwa wamama wengine. Sasa hapa kwa kinena kukaanza kutoka uvimbe kama yai la kuku. Nikikohoa, unatoka. Nikilala, unarudi kwake. Henia. Nikaichukulia kama mpangaji, nikasema ikichoka itahama. Haikuhama, ikaleta familia. Siku moja nikapiga magoti kwa matope na gunia mgongoni, mama akaniona, na kutoka hiyo siku magunia akawa anavuta yeye. Mama yangu, na magoti yake yanalia kama mlango wa choo. Mimi nimekaa kwa kreti, kijana mzima, naambiwa nisibebe hata sukuma wiki. Hiyo ilinikera kuliko uchungu wenyewe.

Ndio nikapata siku ya kupasuliwa. Daktari wa kupasua si wa hapa, anakuja mara moja moja, na ukikosa siku yako unarudi mkia wa foleni. Hiyo niliielewa sana. Sister wa kliniki akanielezea yote: njoo na beseni, slipasi, blanketi, nyoa huko chini, toa hiyo bangili. Na kutoka usiku usile kitu, usinywe kitu.

"Kitu chochote," akasema. "Tumeelewana?"

"Sister, mimi shule ya msingi nimesoma na njaa mpaka nikamaliza. Hiyo ndio somo nilipita."

Akacheka. Sitaki hata kukumbuka venye alicheka.

Siku moja kabla, shangazi yangu akashuka kutoka Werugha na sufuria nzima ya kimanga, ile muhogo na maharagwe yaliyopondwa mpaka yakashikana, na maziwa ya ng'ombe wake. Kwake yeye mtu haendi kukatwa na tumbo tupu, ati kisu kikiingia kitakuta upepo. Nikala jioni mapema, nikashiba, nikafunga mdomo. Asubuhi akanipakulia tena. Nikakataa. Akaniita mwenye madharau. Nikakataa. Nilikuwa najiskia mwanaume kweli kweli.

Sasa ngoja jumuiya ifike. Jua likitoka, wamama wa jumuiya ya mama ya kanisani wakajaa kwa nyumba kuniombea. Waliomba mmoja mmoja, Kidawida na Kiswahili, mwingine akamwombea daktari mkono usitetemeke, na hapo ndio mimi nikaanza kutetemeka. Na unajua maombi ya kwetu. Ukisema amina, chai inamiminwa. Hakuna amina kavu. Na yule anaombewa ndiye anaanza, wengine wote wameshika vikombe wanamngoja.

"Mama, nimeambiwa nisinywe."

"Umeambiwa usile," mama akasema.

"Na nisinywe."

"Pombe hiyo," shangazi akaingilia. "Vijana wote wanaambiwa hivyo juu ya pombe. Chai ni chakula?"

"Si chakula!" wamama wakaitikia, utadhani ni sala bado.

"Onja tu, mwanangu," mama akasema polepole. "Watu wameacha watoto wao bila uji wakuje kwako."

Nikaangalia vile vikombe vyote vinatoa moshi vikiningojea mimi. Nikaonja. Na chai ya maziwa ya Werugha, na tangawizi, we jaribu kuonja uache. Nilimaliza kikombe.

Nje marafiki zangu wa boda walikuwa wamewasha pikipiki. Tukapita sokoni na honi, pikipiki iliyonibeba mbele, beseni kwa magoti, napungia watu mkono kama mheshimiwa wa kura.

"Mungu akutangulie!" wamama wakapiga kelele.

"Ukifa niachie zile raba!" mwenye kuuza nyanya akasema.

Hospitali nikapewa gauni ya kijani, ya kufungwa nyuma na kamba haifiki. Nikakaa kwa benchi na mzee mmoja wa Taveta, kofia yake ameshika mkononi, naye anangoja zamu. Akaja daktari wa usingizi, mdada mdogo tu, sauti ya chini.

"Mara ya mwisho ulikula lini?"

"Jana jioni. Kimanga."

"Na leo?"

"Leo hakuna kitu, daktari. Ni kale ka chai tu ka maombi."

Akaacha kuandika. "Ya rangi ama ya maziwa?"

"Ya maziwa. Lakini ilikuwa na maombi."

"Vaa nguo zako."

Nikadhani ni mzaha, mimi naujua mzaha. Nikamwambia anidunge ganzi huko chini tu, tumbo lisijue.

"Nikikulaza, hiyo chai inaweza kupanda iingie kwa mapafu," akasema. "Utazama kwa kikombe cha chai, hapa Voi, na bahari hatuna."

"Basi ningoje mpaka niikojoe."

"Mwenye kupasua anaondoka mchana. Rudi kliniki upangiwe siku ingine."

Nikamwomba. Nikamwomba mpaka nikasimama, na gauni ikafunguka nyuma, kwa hivyo maombi yangu hayakuwa na heshima. Akageukia mzee. Mzee akainuka, akaniangalia kwanza.

"Kijana, mimi nafunga mwezi mzima, sambusa zinapita hapa mbele ya pua. Wewe asubuhi moja?"

"Mzee, kwani nyinyi dua yenu inaisha na nini?"

"Na amina, baba. Kisha kila mtu anaenda zake."

Akaingizwa thieta. Zamu yangu ikapewa mwingine.

Nilirudi kwa miguu, beseni chini ya kwapa. Nilikuwa na hasira na daktari, na shangazi, na ng'ombe wa shangazi, na hasira na mimi, ambaye nilikataa sufuria nzima nikaangushwa na kikombe. Nilizunguka kando ya reli nisionekane, lakini kufika kwa kibanda lazima upite sokoni. Mwenye nyanya aliponiona hata hakucheka. Hiyo ndio iliniuma.

Mama alikuwa anavuta gunia la viazi kutoka kwa kanta.

"Wamemaliza saa hii?"

"Hawajaanza, mama." Nikamwambia yote.

"Sasa si ungesema tu hujanywa?"

"Ningesema hivyo ningekufa."

Nikashika ncha ya gunia nimsaidie, akanichapa mkono. Akalivuta peke yake, anapumzika, anavuta, mpaka kwa kibanda, akalikalia. Alihema sana. Nilitaka aanze kunitukana ndio tumalizane. Akajipangusa uso na leso, bila kuniangalia.

"Hiyo siku ingine utalala kwa watu," akasema. "Kwangu hakuna mtu ataombewa atoke bila chai, na mimi najijua."