Kitenge Alichokirudisha Nesi Alistidia

Asubuhi, umande bado umelala kwenye migomba, Alistidia Kyaruzi anafungua madirisha ya zahanati moja wilayani Muleba. Anafuta meza, ananawa, kisha anaita: "Wa kwanza, karibu mama." Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaingia. Mlango unafungwa.

Mlango huo ndio unaomkosesha raha mume wake.

"Akiingia mwanamume, unafungwa. Akitoka, siambiwi kitu," anasema Projestus, fundi seremala, huku akipiga randa kwa nguvu kuliko ubao unavyotaka. "Makabati ya watu nayafungua. Kabati nililooa mimi lina kufuli."

Wivu huo haukuanza jana, lakini msimu huu wa senene, wale panzi wa kuliwa, umepanda. Kwa Wahaya, mke ndiye humkusanyia mume wake senene, akawachambua, akawakaanga. Mume naye humshukuru kwa nguo mpya.

Hilo halikujulikana kwa bwana mmoja wa Bukoba mjini, mtu mwenye asili ya pwani. Msimu ukiwa umechanganya, alishuka kwenye bodaboda nyumbani kwa Alistidia, akamkuta mama mkwe, Bi Immakulata. Akamwachia kitenge kipya. "Mpe nesi, mwambie ahsante sana," akasema, akaondoka.

Projestus aliporudi akaambiwa kilikotoka.

"Mama Lilian, umechambua senene wa nani?"

"Wako, baba Lilian."

"Mbona anayelipa ni mwingine?"

Akauliza jina la bwana yule. Akauliza anaumwa nini, na kama kweli ni mgonjwa. Hakujibiwa. Ndipo akamwambia mke wake achague: aseme, au msimu ukiisha arudi kwao Nyanga.

Hata gazeti hili lilipomuuliza, Alistidia alicheka tu. "Sijasema ni mgonjwa, wala sijasema siye."

Halafu akawa makini. "Nikimnong'oneza mume wangu leo, kesho habari iko kilabuni kwenye pombe ya rubisi. Siri ya mgonjwa si mali yangu. Baraza la wauguzi linaweza kuniita, leseni ikaondoka. Na wasiponiita, je, yule aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake nitamtazama kwa macho gani?"

Kitenge hakukivaa. Anasema hapokei zawadi anazopewa kwa ajili ya unesi wake, maana asiye na cha kuleta atajiona wa mwisho. Akamtuma dereva yuleyule wa bodaboda akirudishe kwa mwenyewe.

Hapo ndipo Projestus akachemka zaidi. "Kumbe hata boda anajua kwake! Mimi mwenye mke ndiye sijui!"

Jumapili moja walikuwa uani wakichambua senene, hakuna anayemsemesha mwenzake. Bi Immakulata akachoka na ukimya ule.

"Projestus mwanangu, mimi natibiwa kwa huyu tangu mlipooana. Umewahi kusikia naumwa nini?"

Projestus akabaki na senene mkononi. "Kwani unaumwa nini, mama?"

"Si ndiyo hivyo! Hukusikia."

"Yaani hata wewe, mama yangu mzazi, mna yenu mnanificha?"

Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Waitu! Huyu ana wivu mpaka na mama yake."

Tangu siku hiyo neno la Nyanga halijatajwa tena. Lakini Projestus bado anapita mbele ya dirisha la zahanati karibu kila siku, akisema anakwenda kununua misumari.

"Misumari gani, na duka liko upande ule mwingine?" anasema Alistidia.

Hamwombi mume wake aache wivu; anasema alimjua hivyo tangu uchumba. Anatamani jambo moja.

"Nikirudi jioni anauliza nani alikuja, nani alitoka. Natamani siku moja aniulize habari zangu mimi. Hizo si siri, ningemwambia zote. Hajawahi hata kuniuliza kama nimechoka."