Koili Imeungua Tena

Pale gatini kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Boti yao ilivuta matishari ya mchanga. Mume alishika usukani, yeye alishika injini, na humohumo botini ndimo walimolala, walimopika na walimogombana. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, sauti aliyoipata kwa miaka mingi ya kushindana na mngurumo wa dizeli, kiasi kwamba hata akikutakia siku njema ungedhani anakufokea. Injini ilikuwa haimpi shida. Akiisikia inakohoa tu, keshajua ugonjwa wake. Ndiyo maana habari ya hita ya maji ilitaka kumtoa akili.

Hita yenyewe ilikuwa kitu cha kawaida kabisa: tangi la duara lenye unene wa gunia la simenti, limefungwa ndani ya chumba cha injini, jirani na pampu ya kulijaza maji. Boti ikishafungwa gatini wanachomeka waya wa umeme wa nchi kavu, koili iliyo ndani ya tangi inapata moto, watu wanaoga. Ilikuwa ya zamani, haina mbwembwe, na haikuwahi kuleta neno. Ikaja kuleta neno mwaka baba mkwe alipohamia kwao.

Asubuhi moja mumewe alitoka bafuni anatetemeka, povu bado masikioni.

"Fundi, maji barafu!"

"Hita umewasha?"

"Taa yake si ile pale inawaka? Nimeizima, nikaiwasha tena, wapi."

Fundi akashuka na tesita na mita ya umeme. Umeme ulikuwa unafika vizuri. Akaukata, akaweka mita kwenye koili: kimya, kama amepima kipande cha mti. Akafungulia maji yote yakatoka, akalegeza nati, akaivuta koili. Ilikuwa nyeusi, imepasuka ubavuni kama soseji iliyosahauliwa kwenye kikaango. Sawa, akajisemea, imezeeka. Akaenda dukani, akanunua mpya, akaifunga, na jioni wote watatu wakaoga maji ya moto. Baba mkwe akamsifu mezani.

"Nyumba yenye fundi ni raha. Ahsante, mwanangu."

"Ahsante, Baba."

Wiki haijaisha, maji barafu tena.

Fundi alifungua tangi huku anauma meno. Koili ilikuwa nyeusi tii, na mpasuko ulikuwa ubavu uleule. Mumewe akaja akachungulia kutoka juu ya ngazi, mikono mfukoni.

"Labda hukuikaza vizuri."

"Koili isipokazwa inavuja, haiungui. Unaona maji sakafuni?"

"Nimesema labda."

"Hiyo labda yako nenda nayo huko juu."

Akaenda nayo. Baba mkwe, ambaye kabini lake lilikuwa hukohuko chini, linatazamana na mlango wa chumba cha injini, akatoa kichwa. Mzee huyu alikuwa mtunza stoo maisha yake yote, mtu wa kurudisha kila kitu mahali pake, mpaka kijiko.

"Si kosa lako, mwanangu. Wauzaji wa siku hizi hawana haya. Wanakupa takataka ndani ya boksi zuri."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama mafuta kwenye moto. Akazifunga koili zote mbili kwenye gazeti, akapanda gatini, akakata barabara mpaka duka la vifaa vya umeme, akazibwaga juu ya kaunta.

"Dada, nieleze mwenyewe. Hii ni bidhaa gani?"

Muuzaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, alichukua koili moja, akaikwaruza kwa ukucha, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hii imewaka bila maji."

"Bila maji kivipi? Kila nikifungua hilo tangi linanimwagia maji mpaka ndani ya viatu!"

"Nakwambia ninachokiona."

"Na mimi nakwambia ninachokiona!"

Mteja mwingine aliyekuja kununua balbu akasogea pembeni. Fundi alitoka na koili mpya na thamostati mpya ya kudhibiti joto, lakini shingo upande, na njia nzima alikuwa akiongea peke yake. Bila maji! Kwani yeye hajui maji ni nini? Analala juu ya maji!

Siku iliyofuata hawakwenda kazini. Alibadilisha thamostati, akafunga koili, akaukagua waya wa gatini kuanzia plagi hadi plagi, akafungua sanduku la fyuzi akasafisha kila kiungo. Ngozi ya vidole ikachubuka. Mumewe alimletea chai, akaiweka kwenye ngazi na kuondoka bila kutia neno, jambo ambalo kwa siku ile lilikuwa ndilo la busara kuliko yote aliyowahi kufanya. Mchana hita ikawa inafanya kazi vizuri kabisa, na hilo lilimuudhi Fundi kuliko kama ingekuwa mbovu. Kitu kibovu unakiona. Kitu kizima kinachongoja ugeuze mgongo kife, utakishika wapi?

Baada ya chakula mumewe alikwenda ofisi ya bandari. Fundi alirudi chini kubana klipu ya mpira wa maji nyuma ya injini, mahali ambapo mtu hupaingia kwa tumbo. Alikuwa amelala hapo, spana mkononi, aliposikia pampu inanyamaza. Haikunyamaza kwa kumaliza kazi. Swichi ililia: tak!

Akatulia. Chini ya injini akaona viatu vya ngozi vya kuvaa ndani, soksi za kijivu, na beseni la plastiki likiwekwa sakafuni taratibu. Kisha mkono wa baba mkwe ukashika koki ya chini ya tangi, ile ya kumwagia maji wakati wa matengenezo, na kuifungua kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kuizoea. Maji ya moto yakaanza kutiririka. Beseni likajaa. Likafuata ndoo.

Taa nyekundu ya hita ilikuwa inawaka.

Fundi alitoka nyuma ya injini kama panya, nywele zimejaa grisi.

"Baba!"

Mzee alishtuka, ndoo nusura imponyoke. "Ala! Kumbe upo humu, mwanangu?"

"Nipo, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nachota maji kidogo ya kukanda miguu. Inavimba. Bafuni ni juu, na ile ngazi siiwezi kila siku."

"Na pampu, Baba?"

"Nimeizima. Inakoroma vibaya, nashindwa kusinzia. Nikishaamka naiwasha. Na bomba la moto la jikoni hapo kando nalifungua kidogo hewa iingie, ndipo haya yashuke vizuri, halafu nalifunga. Siachi kitu ovyo mimi."

Fundi alizima hita kwanza. Halafu akasimama, akatazama dari, akameza maneno. Yalikuwa mengi na mengine makubwa. Ndoo moja na beseni vilitosha kabisa kuiacha koili juu ya maji. Mzee anakanda miguu, anasinzia, koili inajiunguza peke yake. Anaamka, anawasha pampu, tangi linajaa, na yeye Fundi akija analikuta limejaa pomoni. Angekuwa mumewe, boti nzima ingesikia. Angekuwa baharia wa boti ya jirani, gati zima lingesikia. Lakini utamfokeaje baba mkwe aliyeshika beseni?

"Sawa, Baba," alisema. "Endelea tu kukanda."

Jioni akambana mumewe jikoni.

"Mwambie baba yako."

"Mimi? Fundi ni wewe."

"Mzazi ni wako!"

"Mambo ya koili siyajui. Nitamwambia nini akiniuliza swali?"

"Usithubutu kunicheka."

"Sicheki," alisema yule bwana, na akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Ikabidi Fundi amwambie mwenyewe, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa kabini, kwa sauti ndogo ambayo hakuizoea, mpaka mzee akamwomba aongeze. Akaeleza koili, akaeleza maji. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo zile koili nimezichoma mimi."

"Hukujua, Baba."

"Na yule mama wa dukani tumemsema bure."

"Tumemsema, ndiyo."

Kuanzia hapo mzee akayasusa maji ya moto. Alikanda miguu kwa maji baridi, mlango wazi, ili kila anayepita aone. Akiulizwa, anajibu hapana, yanamfaa haya haya. Fundi akahisi bora hata koili ingeendelea kuungua.

Siku ya pili ya mgomo huo alichukua keekee akatoboa ukuta wa kabini, akapitisha bomba, akamfungia mzee koki ya maji ya moto kwenye sinki yake. Aling'oa mpini wa ile koki ya chini. Akaunganisha waya upya ili pampu ikizimwa, na hita izimike. Pampu yenyewe akaikalisha juu ya vipande vya tairi, mkoromo ukapungua. Kisha akaoga, akavaa nguo safi, akaenda dukani kumwomba yule mama radhi. Mama akamwambia hakumbuki ugomvi wowote, jambo ambalo Fundi hakuliamini hata kidogo.

Koili haijaungua tena. Ila sasa mzee, kila mara kabla ya kugusa koki yake mwenyewe ndani ya kabini lake mwenyewe, hupaza sauti kutoka chini:

"Fundi! Nafungua maji! Ni ruhusa?"

Na Fundi, popote alipo, hata akiwa ndani ya injini hadi mabegani, lazima aache spana na kuitikia, "Ruhusa, Baba!" Mpaka leo hajajua kama mzee anamheshimu au anamtania, na mumewe, akiulizwa, anageukia dirishani.