Mama Sumaku na Fundi Saa

Jina la Mama Sumaku alipewa na mumewe, tena kwa hasira, asubuhi ile bisibisi yake ndogo kuliko zote ilipomponyoka mkononi, ikaruka na kwenda kujibandika kwenye duara jeusi lililokaa kando ya kikombe chake cha chai.

"Hiki nini tena?"

"Sumaku ya spika," mkewe akajibu bila kuinua macho. "Usiiguse, gundi haijakauka."

"Wewe mama sumaku, hii ni meza ya saa!"

Dirisha lilikuwa wazi, majirani wakasikia. Basi, jina likashika.

Ukweli ni kwamba meza ilikuwa ya wote wawili. Mume alikuwa fundi saa, mtu wa kupumua polepole, lenzi jichoni kutwa nzima, asiyependa hata mlango ufungwe kwa nguvu. Mke alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda chake karibu na soko, akifufua redio na spika, mpaka watu wakaacha kabisa kutengeneza redio. Ikiharibika inatupwa, inanunuliwa nyingine. Alipoona anashinda akifukuza nzi, alifunga kibanda, akahamishia mali yake yote nyumbani: makasha ya spika zilizokufa, mabunda ya waya wa shaba, na diski za kompyuta chakavu.

"Sasa pumzika, mke wangu," mumewe akamwambia.

Alipumzika mpaka saa sita mchana.

Walikaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa bapa ambako wapangaji walianika nguo. Huko juu upepo ulikuwa mwizi asiye na haya. Ulishachukua mashuka, soksi, na siku moja sidiria ya jirani wa mlango wa pili, ikaonekana imening'inia kwenye waya wa simu mtaa wa nyuma. Ngazi nazo hazikuwa na dirisha hata moja. Umeme ukikatika, na ulikatika utakavyo, ngazi ziligeuka giza totoro hata jua likiwa utosini.

Ni ngazi hizo zilizomwangusha mama mkwe. Bibi huyo aliishi nao, na kila siku alishuka kwenda kupiga soga na fundi cherehani wa chini. Siku hiyo alikosa kidato kimoja, akaketi bila kupenda. Alicheka mwenyewe, akasema ametua kama ndege. Lakini kifundo cha mkono kilivimba, ikabidi Mama Sumaku akifunge bandeji. Kesho yake akaanza kubomoa spika.

Aliwahi kuona kwenye simu ya mtu video ya mtambo wa kufua umeme kwa upepo, uliosimama wima, gurudumu lake likielea juu ya sumaku badala ya kukaa kwenye beringi. Hilo lilimkaa kichwani. Alichukua sumaku mbili za duara zenye tundu katikati, akazivisha kwenye penseli, zikitazamana upande unaofanana. Ya juu ikagoma kushuka. Ikabaki hewani, ikitikisika kidogo.

"Mwanangu, imeshikwa na nini hiyo?" mama mkwe akauliza, macho yamemtoka pima.

"Haikushikwa, mama. Zinachukiana tu, hii inaisukuma ile."

"Chuki tupu ndiyo inainua?" Bibi akatikisa kichwa. "Basi mimi na wifi yangu tungelinyanyua jengo hili."

Kazi ikaanza kwa mikwaruzo. Mara ya kwanza alijaribu kuliacha gurudumu lielee bila mhimili wa katikati, kwa tamaa tu. Kufumba na kufumbua sumaku ya juu ikachepuka, ikajipindua, ikaidaka ya chini kwa kishindo, na kidole cha shahada kikiwa katikati. Alizunguka chumba kizima akikinyonya. Hapo akakubali kwamba sumaku zitabeba uzito, lakini lazima kiwepo chuma chembamba cha kuzizuia zisiende pembeni. Pipa la plastiki akalipasua kwa urefu, likatoa mabawa. Zile sumaku kali za diski akazipanga chini ya gurudumu kwa zamu, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini; na chini yake akalaza koili za waya wa shaba, bapa kama chapa za mihuri, ili sumaku zikipita juu yake zizalishe umeme.

Yote hayo, pale pale kwenye meza ya saa.

Balaa lilikuja na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mnene wa heshima zake, aliyeingia akiwa amevua saa mkononi.

"Fundi, saa uliyonitengenezea inakimbia. Leo nimefika shuleni kabla ya mlinzi. Nimesimama getini kama mwanafunzi aliyefukuzwa!"

Fundi saa akaomba radhi. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Fundi saa akatoa dira yake ndogo, akaipitisha juu ya saa zilizokuwa mezani. Mshale ukacheza kama umepagawa. Kile kispringi cha ndani, chembamba kama unywele, kimeingiwa na usumaku katika kila saa, mizunguko yake imegandana, ndiyo maana zinakimbia.

Hakufoka. Alivua lenzi, akaiweka chini.

"Haijawahi kurudi saa kwangu kwa kosa langu," akasema taratibu. "Hata moja."

Mama Sumaku angependa afoke. Alikusanya vitu vyake, akapandisha juu ya paa, kwenye kijumba cha tangi la maji, na wakati wa chakula cha jioni mama mkwe akawatazama mmoja baada ya mwingine kama anayeangalia mpira.

Mama Sumaku alikuwa anaosha vyombo ndipo alipokumbuka. Zile televisheni za zamani, zenye mgongo mkubwa, zilikuwa na duara la waya nyuma ya kioo, kazi yake kufuta usumaku kila zinapowashwa. Naye alikuwa nalo, kwenye kasha, chini ya spika. Akalitoa, akaliunganisha na swichi, akaenda kusimama mbele ya mumewe mikono ikiwa bado na povu.

"Nipe moja. Ile uliyokata tamaa nayo."

Fundi saa alisita, kisha akampa. Mkewe akaipitisha saa katikati ya duara, akabonyeza swichi, akaivuta nyuma polepole, polepole, mpaka mkono ukanyooka wote. Mume akaleta dira. Mshale ukatulia tuli.

Mume akachukua saa ya pili mezani.

"Nyingine," akasema.

Wakazimaliza zote, mume akizipokea na kuzisikiliza sikioni kama daktari. Walipofika ya mwalimu mkuu walikuwa tayari wanataniana.

Asubuhi fundi saa akapanda juu ya paa kwa mara ya kwanza kuona hilo lililomvurugia jina. Alizunguka mtambo. Akainama. Akagusa mhimili wa gurudumu, nondo nyembamba ambayo mkewe aliinyoosha kwa nyundo.

"Hii uliitafuna?"

"Nilinyoosha vizuri tu!"

"Inakwaruza pande zote. Upepo wote utaishia hapa." Akaichomoa, akashuka nayo bila kuaga.

Aliirudisha siku iliyofuata, si ile, nyingine: chuma kilichochongwa kwenye kijimashine chake na kusuguliwa hadi kikang'aa, ncha zake zikikaa ndani ya vipande viwili vya shaba ya njano vilivyotobolewa sawasawa. Wakalivisha gurudumu.

"Puliza," akasema.

Mama Sumaku akapuliza kama anayepoza uji. Gurudumu likaanza kuzunguka bila sauti, likaendelea, na wao wakabaki wamesimama wakilitazama kama watoto.

Kisha upepo ukasusa. Mwizi wa soksi akatoweka kabisa, nguo zikaning'inia wima, wapangaji wakauliza kama kile kinyago kinauzwa. Uliporudi, ulimkuta Mama Sumaku bafuni anaosha nywele.

"Wewee!" jirani wa mlango wa pili akapiga kelele kutoka juu, vibanio vya nguo mdomoni. "Lidude lako linakimbia!"

Akapanda ngazi kitenge kifuani, povu kichwani. Gurudumu lilikuwa limeshika kasi, mabawa hayaonekani. Taa ya majaribio aliyoifunga kando yake, giza.

"Likamate!" akamwambia mumewe aliyemfuata juu, naye fundi saa, mtu wa vitu vidogo, akalikumbatia pipa lile kwa mikono miwili, miwani imeenda upande. Mkewe akapima koili moja moja, povu likimwingia machoni. Moja ilikuwa imeunganishwa kinyume, inakula kile wenzake wanachozalisha. Akageuza nyaya.

"Achia!"

Taa ikapepesa, ikashika. Kabla ya jioni nyaya zilishateremshwa hadi kwenye ngazi, betri ya pikipiki ikawekwa kijumbani kutunza umeme, na vitaa vidogo vikawaka kila kona, hafifu lakini vya kutosha kuona unapokanyaga.

Mama mkwe ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alikwenda kidato kwa kidato, akasimama katikati, akatazama kuta, pembe, na chini ya miguu yake.

"Haya makubwa!" sauti yake ikapanda juu. "Kumbe tumekuwa tukipita kwenye uchafu wote huu? Nileteeni ndoo na ufagio!"