Rido ya Mama Léocadie

Kwetu mutu muzima hali njiani. Mutoto anaweza kutembea na muhindi mukononi, tunamusamehe, hajakomaa. Lakini mutu aliyeoa, mwenye kofia, mwenye jina kanisani, akionekana anatafuna barabarani, hata kama ni kipande cha muhogo tu, habari itafika Masisi mbele yake. Na kama anachotafuna ni samaki, afadhali angeiba ng'ombe. Sisi ni watu wa ng'ombe na maziwa. Ndivyo tunavyosema, na tukisema hivyo tunafuta mafuta mudomoni.

Mama Léocadie Nyiransabimana anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kando ya ukuta wa kanisa hapa Mabanga, Goma. Mimi ninauza nyanya pembeni yake, mutoto kwenye mapaja, basi habari hii sikusimuliwa na mutu.

Pusupusu yake, mukokoteni anaokaangia, zamani ilikuwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea muzigo. Darius, bwana yake, alikuwa anaishusha kutoka Kibumba imejaa viazi, upepo masikioni, anapiga kelele wamupishe, anajiona gavana wa barabara. Siku moja pale Kanyaruchinya mbuzi alikataa kumupisha gavana. Mbuzi alipona. Darius alibaki na goti lisilokunjika, na chukudu ikawa vipande viwili. Léocadie hakulia. Aliokota zile mbao, akazipeleka kwa fundi, akaongeza mulango wa choo chao cha zamani, na pusupusu ikazaliwa. Gurudumu la mbele bado ni lile la mbao, limevikwa tairi. Likipita juu ya mawe ya volkano linalia mpaka watoto wa kartye, mutaa wote, wanajua chakula kinakuja.

Mwanzoni walikuwa wanakula wamotari, vijana wa pikipiki, pamoja na waashi, watu wasiokuwa na jina la kuharibu. Wakubwa wa kanisa walikuwa wanapita wameshika pua. Lakini mimi nilikuwa ninaangalia koo zao. Zilikuwa zinapanda na kushuka.

Siku moja mvua ilikuja na upepo. Léocadie alifunga kitenge upande mumoja moto usizimike. Muzee Hategekimana, mukubwa wa wazee wa kanisa, akaingia nyuma ya kile kitenge.

"Ninajificha mvua tu, mama."

"Jifiche, Muzee."

"Moto wako ni muzuri. Na hii... inaitwa namna gani, hii?"

"Sambaza, Muzee."

"Aaah. Nilikuwa ninasikia tu habari yake."

Mvua ilikatika, Muzee hakutoka. Alipotoka, midomo ilikuwa inaangaza kupita viatu vyake vya rangi ya kahawa, na Hategekimana ni mutu anayepakaa viatu kila asubuhi. Kesho yake jua lilikuwa linachoma kichwa. Muzee akaja kujificha mvua.

Léocadie alielewa. Alitafuta kitenge kirefu, cha kijani, kinachogusa chini, akakifanya rido, pazia la pusupusu. Toka siku ile pusupusu ikawa na mbele na nyuma. Mbele wanakula wamotari, wanacheka, pilipili inawatoa makamasi. Nyuma wanakula wenye heshima, kimya kama kwenye maombi. Nyuma ya rido hakuna salamu. Mama Umurerwa, prezidanti wa korale, ile kwaya ya kanisa, alikutana huko na bwana yake mwenyewe. Kila mumoja alimaliza sahani yake, wakatoka kwa pande mbili, hakuna aliyemuona mwenzake. Na wote, wakimaliza, walikuwa wanafuta mikono kwenye rido.

Hivyo ndivyo Léocadie alivyolisha watoto wake, na Darius na goti lake.

Halafu kanisa likaweka mulango mupya wa chuma, na wageni wakubwa wakaalikwa kuufungua. Komite ya kanisa ikakaa. Walimuita Léocadie uwanjani, mbele ya watu. Muzee Hategekimana ndiye alisimama.

"Mama, hii pusupusu inatupaka haya. Wageni watakuta watu wanakula wamesimama kama mbuzi! Na juu ya hayo, samaki! Ihame mbele ya siku ya wageni."

"Ihame wapi, Muzee?"

"Goma ni kubwa."

Goma ni kubwa, ndiyo, lakini kila jiwe la kando ya barabara liko na mwenyewe. Ukuta ule tu ndio unamukingia upepo. Ukimutoa pale, umezima moto wake, na watoto wake watalala na maji ya moto tumboni. Wote walijua. Mama Umurerwa alikuwa anaangalia kucha zake. Na kwenye kola ya Muzee, nilimuona kwa macho yangu, sambaza mumoja mudogo alikuwa ameshikilia, kichwa na mukia.

Léocadie alimuangalia yule sambaza kwa muda. Halafu akasema kwa upole:

"Sawa, Muzee. Lakini siwezi kuhama na uchafu. Mbele ya kuhama nitafua."

Asubuhi alifua rido. Aliianika kwenye mulango mupya wa kanisa. Yesu wangu! Sabuni ilikuwa imetoa vumbi, mafuta yamekataa. Upande wa ndani ulikuwa umejaa vidole: vidole vinene, vidole vyembamba, viganja vizima, kama watu wote wa komite wamepiga kura pale. Watu waliotoka kwenye maombi walipita mbele yake wanaangalia mbingu.

Na pusupusu ilikuwa pale pale, wazi pande zote, sambaza wanaruka kwenye mafuta.

Muzee Hategekimana alizunguka ukuta, akapita, akarudi. Akakohoa.

"Mama, rido iko wapi?"

"Rido gani, Muzee? Ulikuwa unaijua?"

Wamotari waliacha kutafuna.

"Nili... nilisikia tu."

"Iko inakauka."

"Basi nifungie kidogo kwenye karatasi. Ni ya mutoto."

"Mutoto yupi, Muzee? Si wote uliwaoza?" Léocadie aligeuza samaki. "Leo sifungi. Ni ya kula hapa."

"Papa, karibu hapa kwetu, kuna nafasi!" mumotari mumoja aliita. "Sisi mbuzi hatuna ubaguzi!"

Muzee aliondoka haraka, fimbo inamufuata. Mama Umurerwa alikuja nyuma yake, akasema anatafutia mugonjwa. Léocadie alimujibu kwamba mugonjwa alete tumbo lake mwenyewe. Siku ya pili ilikuwa vile vile, na ya tatu. Rido haikukauka. Jua linawaka, rido haikauki. Jumapili korale iliimba kama watu wanaofunga, na muhubiri alipotaja ile mikate na wale samaki, mutu mumoja kwenye kiti cha wazee alipiga mwayo wa njaa mpaka mutoto wangu akaamuka.

Komite ikakaa tena, bila kualikwa na mutu. Wakamuita Léocadie.

"Tumeomba," Muzee alisema, "tumeona pusupusu yako ni kazi ya huruma, inasaidia maskini. Ibaki. Lakini kwa usafi tu, kwa usafi, iwe na rido."

"Samahani, Muzee, masikio yangu yamejaa moshi. Iwe na nini?"

"Rido."

"Wale wa nyuma hawasikii. Sema tena, Muzee wangu."

"Rido!" alipiga kelele, na wamotari huko inje wakapiga makofi.

Rido ilirudi siku ile ile. Ila sasa inaishia kwenye magoti. Muzee alipouliza, Léocadie alimuambia kitenge cha siku hizi kikifuliwa kinapunguka. Basi ukipita kando ya kanisa saa ya chakula, unaona viatu vimejipanga chini ya kitenge, vyeusi, vya visigino, vya rangi ya kahawa vilivyopakwa vizuri. Na Mabanga yote tunajua viatu vya nani ni vipi. Wageni walikuja, wakafungua mulango, wakanusa. Siku ile viatu vilizidi, na vingine hatukuvijua.

Kipande kilichokatwa Léocadie alinipa mimi. Ndicho ninachobebea mutoto. Nimekifua na kukifua, vidole viko bado, na harufu pia. Juzi, kwenye mulango wa kanisa, Muzee Hategekimana aliweka mukono juu ya kichwa cha mutoto wangu amubariki. Aliinama karibu, pua ikagusa kitenge, maneno ya baraka yakakatika katikati.

Koo lake likapanda, likashuka.