Mafuta ya Dagaa Kwenye Sufuria Zangu za Keki

Mama Deo, najua unasoma hapa, basi soma vizuri.

Jamani, huyu Mama Deo ninayetumia naye jiko moja kwenye ghorofa letu hapa Berea kaniharibia keki ya kipaimara cha mwanangu.

Asubuhi nilikata karatasi za kutandika kwenye sufuria mbili za keki, nikakimbia spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua siagi.
Kurudi, nakuta kashapaka mafuta na kutandika karatasi.
"Nimekusaidia, dada."
Nikamshukuru. Mjinga mimi!

Keki zikatoka bila kung'ang'ania, zimenyooka kama meza.
Halafu harufu.

Kumbe alipaka mafuta aliyokaangia dagaa jana!
Namuuliza, ananijibu, "Lakini si zimetoka vizuri?"

Eish. Nyie mngemfanyaje?
Mpaka sasa aliyekuja kuomba kipande ni mmoja tu: paka wa ghorofa ya tatu.