Siku daraja la chuma lilipoamka na rangi ya waridi

Geti la bustani bado limefungwa, na juu ya daraja la chuma mama mmoja anaimba huku akikwangua kutu. Wenzake wanamwita Mama Brashi. Leo sauti imepanda kuliko kawaida, na sababu anayo.

Daraja hili ni kongwe kuliko bustani yenyewe. Zamani lilivusha treni mtoni. Reli ilipohamishwa, likafunguliwa vipande vipande, likaletwa hapa na kuungwa upya juu ya bwawa la kuchimbwa. Ndiyo maana lina misuli yote hiyo, ingawa kazi yake sasa ni kuvusha watu wanaokwenda kutazama bata.

Kabla ya Mama Brashi, aliyekuwa akilipaka rangi ni baba yake. Mzee amezeeka na kisa kimoja: rangi nyekundu ya kuzuia kutu haikutosha, akaichanganya na nyeupe, akapaka hadi giza likaingia. Kulipokucha, daraja zima lilikuwa la waridi! Maharusi wakamiminika kupiga picha. Bosi akaja juu, likafunikwa kwa kijivu haraka haraka.

Ushahidi? Hakuna. Picha za enzi hizo ni nyeusi na nyeupe.

"Akianza tu, wajukuu wanasema babu anatia chumvi," anasema Mama Brashi. "Hata mimi nilicheka. Kumbe mwenzetu alikuwa anaumia."

Wiki iliyopita, akikwangua chini ya bomba la kushikia, kijivu kikabanduka. Chini yake, waridi tupu.

"Nilipiga ukelele, bata wakaruka wote!"

Siku hiyohiyo akamleta baba yake. Mzee akapapasa pale kwa kidole, kisha akaangua kicheko huku machozi yakimtoka.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila hao wajukuu waje hapa mmoja mmoja."

Meneja wa bustani naye amecheka, na amekubali: daraja litapakwa waridi tena, safari hii kwa makusudi. Mama Brashi alileta kopo la rangi ya waridi ya dukani, mzee akalitazama mara moja tu akalikataa: si waridi yake.

Jumamosi ijayo atakoroga rangi mwenyewe, mbele ya familia nzima.

"Macho yake hayaoni vizuri siku hizi," anasema Mama Brashi, akifuta brashi yake. "Lakini itakavyotoka ndivyo nitakavyopaka. Safari hii namwamini kabla sijaona."